Mtoto Amehitimu Qur'ani. Je, Anaisoma?



Leo tunataka kuzungumza na wazazi wenzetu juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe ndani ya nyumba yetu. Hatumnyooshei mtu kidole. Sisi ni mume na mke, tunakaa Buyenzi hapa Bujumbura, tuna watoto wanne, na kosa tutakalolieleza ni letu. Tunaliandika kwa sababu tunaamini hatuko peke yetu, na huenda mzazi mmoja akasoma akajirekebisha kabla hajafika pale tulipofika sisi.

SHEREHE YA KUHITIMU

Kijana wetu wa kwanza alihitimu Qur'ani akiwa na miaka 10. Wale wanaokaa mitaa kama yetu wanajua maana yake. Hapa kwetu mtoto akishajua kusema vizuri anapelekwa chuoni. Anaanza na herufi, kutoka alif mpaka yaa. Halafu anafundishwa irabu: fataha, kasra na dhumma. Akishaweza kuunganisha anaingia Juzuu Amma, na akiimaliza anafunguliwa msahafu kuanzia Suratul Baqara. Mtoto huyo huyo shuleni anasoma kwa Kirundi na Kifaransa, nyumbani anazungumza Kiswahili, na jioni anakaa chini mbele ya maalim na herufi za Kiarabu. Kwa kweli hiyo si kazi ndogo kwa mtoto wa miaka sita au saba.

Sisi kila Ijumaa tulikuwa tukikutana na maalim baada ya sala, na swali letu lilikuwa moja tu: "Maalim, kijana amefika juzuu ya ngapi?" Maalim alikuwa mtu mpole. Mara nyingi alitujibu: "Anakwenda vizuri, lakini tusimharakishe. Bado anameza herufi." Tulimsikia, lakini hatukumsikiliza. Mioyoni tuliona anachelewesha. Mtoto wa jirani alikuwa amehitimu akiwa na miaka tisa, na sisi tulitaka na wetu asipitwe. Tukamwahidi kijana kwamba akimaliza tutamnunulia baiskeli.

Basi akamaliza. Tulichinja mbuzi, tukapika pilau. Mashangazi walikuja kutoka Rumonge na Gitega. Kijana alivaa kanzu mpya na kofia, akasoma sura za mwisho mbele ya watu, akapigwa picha, akapewa zawadi. Mama yake alilia kwa furaha. Kesho yake alipanda baiskeli, akaenda kucheza na wenzake. Kesho kutwa vilevile. Hakwenda tena chuoni. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amemaliza, na sisi tulikuwa tumemaliza pamoja naye.

"SI NILISHAHITIMU?"

Ilipita miaka miwili. Siku moja tulipata mgeni, mjomba wetu mtu mzima kutoka Ujiji. Baada ya sala ya Magharibi alituuliza kama kijana amesoma. Tulijibu kwa fahari kwamba alihitimu zamani. Mzee akafurahi, akachukua msahafu, akafungua Suratul Kahf, akasema: "Haya mjukuu wangu, tusomee nusu ukurasa tupate baraka."

Kijana alisoma mstari wa kwanza. Wa pili akakwama. Akarudi nyuma, akachanganya haa na khaa, akaruka neno, akanyamaza. Tulimwona jasho linamtoka. Mzee hakumkaripia. Alimshika bega, akamwambia, "Inatosha baba, Allah akubariki," akausoma ukurasa mwenyewe.

Usiku baba yake alimkuta amekaa nyuma ya nyumba, analia. Akamuuliza ana nini. Kijana akajibu kwa swali: "Baba, kwani si nilishahitimu?"

Ndugu wasomaji, swali lile lilitukata maini. Mtoto hakuwa anajitetea. Alikuwa anauliza kweli. Alidhani Qur'ani ni kitu unachokimaliza, kinabaki mfukoni mwako kama cheti. Na nani alimfundisha hivyo? Maalim hakumfundisha hivyo. Tulimfundisha sisi, kwa maswali yetu ya kila Ijumaa, kwa baiskeli, na kwa kimya chetu baada ya sherehe.

HATA MTUME (S.A.W.) ALIRUDIA

Baada ya siku ile tulimfuata maalim, tukamwomba radhi, tukakaa naye atueleze. Mengi aliyotueleza tulikuwa tumewahi kuyasikia kwenye darsa, lakini hatukuwahi kuyaleta nyumbani kwetu.

Kwanza, alitukumbusha kwamba Qur'ani yenyewe haikushuka kwa siku moja. Ilimshukia Mtume (S.A.W.) kidogo kidogo kwa muda wa miaka ipatayo 23. Allah (S.W.) anaweza kila kitu, na kama angetaka ingeshuka yote mara moja. Lakini ilishuka kwa mafungu, watu wakaipokea, wakaisoma, wakaifanyia kazi, kisha wakapokea nyingine.

Pili, imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Jibril (A.S.) alikuwa akikutana na Mtume (S.A.W.) kila mwaka katika Ramadhani wakipitia Qur'ani pamoja, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wake waliipitia mara mbili. Hebu tufikirie jambo hili. Aliyeteremshiwa Qur'ani, ambaye hakuna mwanadamu aliyeijua kuliko yeye, alikuwa akirudia. Basi mtoto wetu wa miaka 10 nani alimwambia kwamba hana haja ya kurudia?

Tatu, Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha wenye kuhifadhi Qur'ani waishikilie kwa kuirudia, kwa sababu inaponyoka kifuani upesi kuliko ngamia anavyoponyoka kwenye kamba yake. Mwenye ngamia hasemi, "Nilishamfunga mwaka juzi." Kila siku anakwenda kutazama fundo.

Nne, inajulikana kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba amali ambazo Allah anazipenda zaidi ni zile zinazodumu, hata kama ni chache. Wengi wetu tunaijua Hadithi hii, na tunaitumia kwenye sadaka na sala za sunna. Lakini inapofika kwenye masomo ya watoto wetu tunaigeuza. Tunapenda kingi kwa haraka, hata kama hakitadumu.

Tano, na hili kwetu lilikuwa jipya, maalim alitueleza kwamba imepokewa kutoka kwa wasomaji wa Makka wa zamani kuwa mtu akifika Suratun Naas hafungi msahafu. Anarudi papo hapo kwenye Suratul Fatiha, kisha anasoma aya za mwanzo za Suratul Baqara, ndipo anaomba dua. Yaani khitma na mwanzo mpya vinafanyika katika kikao kimoja. Ada hii mpaka leo iko kwa wasomaji wengi. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume chake. Kijana alisoma sura za mwisho, watu wakasema amin, sahani za pilau zikaingia.

SAHABA NA SURA MOJA

Maalim akatutajia pia habari ya Abdullah bin Umar (R.A.). Imam Malik ameitaja katika Muwatta kwamba Ibn Umar alikaa na Suratul Baqara miaka minane akijifunza. Sura hiyo ina aya 286. Ukigawa utaona ni kama aya tatu kwa mwezi. Mtu huyu alikuwa Mwarabu, mtoto wa Sayyidna Umar (R.A.), ameishi na Mtume (S.A.W.), na lugha ni yake. Hakushindwa kusoma. Wanavyuoni wameeleza kwamba alikuwa anajifunza pamoja na hukumu zake na maana yake.

Vilevile Abu Abdurrahman as-Sulami, ambaye alifundisha Qur'ani huko Kufa kwa miaka mingi tangu zama za Sayyidna Uthman (R.A.), ameeleza kwamba waliowasomesha walikuwa wakichukua aya 10, hawavuki mpaka wajue elimu iliyomo na kuifanyia kazi.

Sasa tujiulize: kama Ibn Umar angekuwa mtoto wa Buyenzi, na sisi ndio wazazi wake, mwaka wa tatu tungemwambia nini? Bila shaka tungemhamisha chuo.

Na madhara ya haraka si madogo. Neno "qalb" kwa herufi ya qaaf ni moyo. Ukilisoma kwa kaaf, "kalb," ni mbwa. Mtoto anayesukumwa amalize juzuu hana nafasi ya kusimamishwa kwenye herufi moja mpaka ulimi uzoee. Anapita. Maalim akimrudisha, mtoto anaona amenyanyaswa, kwa sababu nyumbani ataulizwa amefika wapi, hataulizwa amesoma vipi.

BIBI NA MSAHAFU WAKE

Katika nyumba hiyohiyo alikuwapo mtu mwingine anayesoma, na sisi hatukuwa tukimhesabu. Ni bibi wa watoto, mama mzazi wa mmoja wetu. Alikuwa amevuka miaka 60 alipoanza. Utotoni hakupata nafasi. Alilelewa katika kazi za shamba na kuuza ndagala sokoni. Alijua sura fupi za kusalia tu, alizozisikia kwa masikio. Alipohamia kwetu aliomba Juzuu Amma ya watoto yenye maandishi makubwa. Kila siku baada ya Alfajiri alikaa kwenye mkeka, kidole kwenye mstari, anasoma polepole. Siku nyingine mstari mmoja ulimchukua asubuhi nzima.

Tulikuwa tunamwonea huruma. Wakati mwingine tulimwambia, "Mama, pumzika, Allah anajua nia yako." Yeye alicheka akasema, "Niache mwanangu, nami nina miadi yangu."

Baada ya kisa cha mgeni tulimwomba bibi akae na kijana. Tulidhani tunamwomba atusaidie kumtuliza mtoto. Kumbe ilikuwa dawa. Kijana alikuwa bado anazijua herufi kuliko bibi, kwa hiyo bibi akawa anamwuliza: "Hii inatoka kooni au mdomoni?" Ili amjibu, ilimbidi ajue mwenyewe. Akaanza kurudi kwa maalim kuuliza, halafu anakuja kumfundisha bibi. Hakuna aliyemtuma. Hakukuwa na zawadi wala tarehe. Ilikuwa dakika 10 au 15 kila asubuhi, kisha anakwenda shule.

Walimaliza Juzuu Amma pamoja, wakaingia Suratul Baqara. Siku waliyoimaliza Baqara bibi aliomba chai ya maziwa na mandazi tu, wakaendelea na Aali Imran siku hiyohiyo. Ilipita miaka. Bibi alifariki mwaka jana, Allah amrehemu, akiwa kwenye Suratul An'aam. Uzi aliokuwa akiweka kama alama uko ndani ya msahafu wake mpaka leo.

Kwa hesabu yetu ya zamani, bibi hakuhitimu. Hakufika hata theluthi ya msahafu. Kijana alihitimu akiwa na miaka 10, na bibi akafa hajahitimu. Lakini tukiulizwa nani kati ya hao wawili alikuwa mtu wa Qur'ani, nyumba nzima inajua jibu. Na Mtume (S.A.W.) ametubashiria kwamba anayesoma kwa ustadi yuko pamoja na malaika watukufu, na yule anayesoma huku akikwama na kupata tabu ana ujira mara mbili. Hakusema ujira huo unangoja mpaka afike mwisho wa msahafu. Ujira uko kwenye kule kusoma kwenyewe, herufi kwa herufi, pamoja na tabu yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulimkuta kijana amekaa kwenye mkeka ule ule baada ya Alfajiri, anasoma peke yake pale uzi ulipo. Hatukumwambia neno. Tulirudi ndani tukajiandaa kwa kazi.

JE, LENGO HALINA FAIDA?

Kuna ndugu watakaosema: mnataka watoto wasome bila lengo? Mtoto asipoahidiwa kitu hatajitahidi. Na mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, si yamewafanya vijana wengi wapende kusoma?

Hoja hii ina ukweli na hatuipingi yote. Lengo ni zuri. Khitma ni neema na kuifurahia si kosa. Ramadhani simu zetu zinajaa video za vijana wakishindana Dar es Salaam na kwingineko, na sisi tunafurahi tukiwasikia, watoto wetu wanakaa kimya kusikiliza. Lakini tukumbuke kwamba kinachoonyeshwa kwenye simu ni dakika chache za jukwaani. Ile miaka ya kuamka kabla ya Alfajiri, kurudia ukurasa mmoja mara 20, kusahau na kuanza tena, hakuna anayeipiga picha. Na mwulizeni hafidhi yeyote: siku ya kumaliza kuhifadhi ndiyo siku kazi ya kurudia inapozidi, maana sasa ana kurasa zote za kulinda.

Hapa Buyenzi tuna mfano ambao kila mtu anaujua. Mtaa wetu una mafundi wengi wa magari. Kijana akipelekwa gereji kujifunza, mwaka wa kwanza anaosha vyuma, anashika tochi, anapeleka spana. Mzazi mwenye haraka atasema mtoto anapotezewa wakati. Lakini fundi mkuu anajua kwamba katika kuosha vyuma mtoto anavijua kimoja kimoja, kwa mkono na kwa jicho. Aliyeruka hatua hiyo anaweza kufungua injini, lakini kuifunga ikawaka ni jambo jingine. Na fundi mzuri, hata awe na miaka 30 kazini, bado kila siku mikono yake ina oili. Siku atakapoacha kushika spana, ufundi wake utaanza kuondoka.

Kama tunalielewa hili kwa injini ya gari, tunashindwaje kulielewa kwa maneno ya Allah?

Kwa hiyo hatusemi lengo liondolewe. Tunasema lengo limekaa mahali pasipo pake. Khitma ni kituo njiani, na msafiri anapumzika kituoni kisha anaendelea. Sisi tumekifanya ndiyo mji wenyewe.

HESABU NDOGO

Msahafu wa Madina ulioenea sana kwetu una kurasa 604. Anayesoma ukurasa mmoja kwa siku anahitimu kwa takriban mwaka mmoja na miezi minane. Anayesoma nusu ukurasa anahitimu kwa zaidi kidogo ya miaka mitatu. Anayeweza kusoma kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi amesoma kurasa 20 kwa siku, ambayo ni kama juzuu moja, na anahitimu kwa mwezi.

Sasa tazama yule aliyehitimu mara moja akaacha. Baada ya miaka 10 ana khitma moja, tena ya utotoni, na ulimi umekufa. Yule wa nusu ukurasa, ambaye hakuna aliyempongeza, katika miaka hiyo 10 amehitimu mara tatu, na ulimi wake uko hai. Hakukimbilia khitma, na khitma zimemjia zenyewe.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Haya ndiyo tuliyoanza kuyafanya sisi, na tunayashauri kwa wazazi wenzetu.

Kwanza, tubadilishe swali. Badala ya kumwuliza mtoto "umefika wapi?" tumwambie "hebu nisomee ulichosoma leo." Hata kama mzazi hajui kusoma, akae amsikilize. Mtoto anajua kama anasikilizwa au anakaguliwa.

Pili, tuweke wakati mmoja usiobadilika. Kwetu ni baada ya Alfajiri, kwa wengine itakuwa baada ya Magharibi. Dakika 10 zinatosha. Siku ya sherehe, siku ya mtihani, siku ya wageni, wakati uwe uleule, hata kwa mistari miwili.

Tatu, mzazi naye asome. Mtoto haoni maana ya jambo ambalo watu wazima wameliacha. Sisi tulikuwa tunamhimiza mtoto asome ilhali misahafu yetu ina vumbi juu ya kabati mpaka Ramadhani. Sasa tunakaa wote. Baba anasoma ukurasa wake, mama wake, na watoto wao. Aliye mbele anamsubiri aliye nyuma.

Nne, tuongeze maana, japo aya moja. Tafsiri za Kiswahili zipo tangu zamani. Ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ilitoka 1969, na wengi wanayo nyumbani. Mara moja kwa wiki tunachagua aya moja tuliyoisoma, tunaangalia maana yake, kisha tunajiuliza wiki hii tutaifanyia kazi vipi. Msidhani watoto hawawezi. Maswali yao mara nyingi yanatushinda sisi.

Tano, sherehe tuigawe. Tulipopiga hesabu tuliona fedha za mbuzi, mchele na baiskeli zingemlipa maalim ada ya miezi mingi. Na tukubali ukweli mchungu: siku ile ya sherehe maalim alikaa pembeni, akala sahani yake, akaondoka. Mtoto wetu wa pili alipohitimu mwaka juzi tulipika chakula cha kawaida, tukawaita watoto wenzake wa chuoni na maalim wao. Baada ya Suratun Naas mtoto alirudi kwenye Fatiha na mwanzo wa Baqara mbele ya wote. Zawadi yake ilikuwa msahafu mpya wa kuanzia safari ya pili. Fedha zilizobaki tulimpa maalim. Kesho yake saa 10 alasiri mtoto alikuwa chuoni kama kawaida.

Sita, tuwaheshimu wanaokwenda polepole. Kila chuo kina mtoto ambaye wenzake wamemwacha nyuma, na kila mtaa una mtu mzima anayeona haya kuanza. Tusiwacheke na tusiwalinganishe. Anayekuja kila siku, hata akisoma mstari mmoja, huyo ndiye wa kuonyeshwa watoto kama mfano.

MWISHO

Ndugu wazazi, tunajua tunawapenda watoto wetu, na haraka yetu inatokana na mapenzi hayo. Tunataka tuwaone wamefika. Lakini katika Qur'ani, katika sala, katika tabia njema, hakuna mahali ambapo mtu anafika akasema sasa basi. Sala ya leo haikulipii ya kesho. Subira ya mwaka jana haikutoshi mwaka huu. Dini yetu ni ya kurudia, na katika kurudia huko ndimo mja anamolelewa na Mola wake mpaka anakutana Naye.

Kijana wetu sasa ana miaka 18. Hajawa hafidhi, na usomaji wake una makosa ambayo maalim bado anayasahihisha. Juzi mdogo wake wa mwisho, aliye kwenye herufi, alimwuliza: "Kaka, wewe utamaliza lini?" Akamjibu, "Mimi bado nasoma." Tulikuwa chumba cha pili, tukasikia, tukamshukuru Allah.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu bibi yetu na wazee wetu wote waliotangulia, awalipe maalim wetu kheri kwa subira yao juu yetu na watoto wetu, na atujaalie sisi na kizazi chetu kuwa miongoni mwa wanaodumu na Kitabu chake mpaka mwisho wa umri. Amin.

Wabillahi tawfiq.